Nguzo ya Saba

Kwa siku themanini na nane Mwanza Kabwe alikataa kusema alikuwa wapi asubuhi aliyokufa Abdias Ngoy. Siku ya themanini na tisa Inspekta Bibiche Nday alimletea chai ya moto katika kopo na nusu mkate, akapindua ndoo, akaikalia, akamwacha anywe kwanza.

Mvuvi yule aliletwa jela ya Kamina akiwa na kifua cha mtu aliyezoea kasia. Sasa shati lilimning'inia kama limetundikwa msumarini. Kila alipomeza alikohoa, na kila alipokohoa mahabusu wenzake walimgeuzia mgongo.

Dosie yake ilikuwa na kurasa kumi na moja tu, lakini zilitosha kumkaba. Abdias alikuwa mlinzi wa hifadhi ya Kisungi, mabwawa na mafunjo yanayoanza ng'ambo ya Bukama, pale Lualaba inapojisahau na kutanda kila upande. Mara mbili alichoma nyavu za Mwanza kwa kuwa matundu yake yalikuwa madogo kuliko sheria inavyotaka. Mara ya pili Mwanza aliapa sokoni, mbele za watu, kwamba atawalisha kambale nyama ya Abdias. Wiki mbili hazijaisha, tarehe kumi na saba Machi, Abdias aliondoka alfajiri kwenda kukagua mipaka. Kesho yake alikutwa kifudifudi majini, mahali pa nguzo ya saba ya hifadhi.

Ripoti ya kwanza ilisema kiboko alipindua mtumbwi. Inspekta Nday aliikataa siku ileile alipoisoma. Mtumbwi ulikutwa wima, kasia ndani, na juu ya kasia kofia ya marehemu, kavu. Kiboko hapindui mtumbwi wa mtu kisha akaurudisha na kumwekea kofia yake vizuri. Halafu kulikuwa na kamba shingoni mwa maiti, kamba aliyotundikia kipimo chake cha GPS, mashine ndogo ya kumwambia mtu yuko wapi. Kamba ilikuwa imekatwa kwa kisu. Kipimo hakikuonekana.

Basi kiboko akatoka kwenye dosie, na kwa kuwa lazima awepo mtu, akaingia Mwanza.

“Mwanza,” alisema Inspekta, “minyi sitafuti nyavu. Ninauliza kitu kimoja. Ile siku, asubuhi, ulikuwa wapi?”

“Nilisha kusema, mama. Nilikuwa mu njia.”

“Njia ya wapi?”

“Njia tu.”

Inspekta alifungua dosie kwenye ukurasa wa mwisho, ule ambao hakuna aliyeujali: orodha ya vitu alivyokutwa navyo mshtakiwa. Kisu kimoja. Rozari moja. Magunia matupu matatu, yameandikwa kwa rangi nyeusi Y.D.

“Y.D. njo nani?”

Mwanza aliacha kutafuna.

“Mwezi ya tatu mayi inafungwa,” Inspekta aliendelea polepole. “Samaki inazaa, hakuna kuloba, hakuna kutega nyavu. Lakini weye uliloba. Na kuko muntu alipokea. Njo yeye unaficha?”

“Batoto banakula sheria, mama?”

“Sikuuliza vile.”

“Nikitaja jina yake, batafunga duka yake. Ule muzee alinipa unga wakati bibi yangu, mama ya batoto, alizaa. Minyi sitasema.”

“Hautasema,” alikubali Inspekta, akafunga dosie. “Maliza chai.”

Katika Kamina nzima, mtu mwenye herufi zile na magunia ya samaki alikuwa mmoja. Yakubu Dunia alikuwa na duka karibu na reli. Babu yake alikuja kutoka Maniema na biashara kichwani, na tangu hapo ukoo mzima haukuwahi kuuza kitu kingine isipokuwa chumvi, samaki wakavu na kitambaa. Inspekta alimkuta amesimama mbele ya meza, kofia nyeupe kichwani, akipanga vifurushi vya kambale waliokaushwa kwa moshi.

“Karibu, mama. Keti.”

“Nitasimama, Baba Yakubu. Tarehe kumi na saba ya mwezi wa tatu ulikuwa wapi?”

“Bukama. Nilienda kungoja mizigo.”

“Mizigo ya nani?”

Mzee alipangusa mikono kwa kitambaa. Alichukua muda wake, kidole kimoja baada ya kingine.

“Nikisema, utaandika?”

“Nitaandika. Na utatia sahihi.”

“Na minyi nitapoteza leseni.”

“Inawezekana.”

“Yule mutu iko muzima?”

“Anakohoa.”

Yakubu aliita mwanawe Yassini aje asimame dukani, akamwongoza Inspekta nyuma, kwenye chumba cha chumvi. Akasema bila kusimama, kama mtu anayetua mzigo. Mwanza alifika kwake Bukama tarehe ile kabla ya jua kutoka, na magunia matatu ya samaki waliovuliwa wakati wa kufunga. Alikaa mpaka adhuhuri, kwa sababu alikuwa anangoja baiskeli yake itengenezwe. Fundi wa baiskeli alikuwapo. Mwenye nyumba alikuwapo.

Inspekta alihesabu kichwani. Kutoka Bukama hadi nguzo ya saba ni mwendo wa siku nzima kwa kasia. Mtu hawezi kuwa Bukama alfajiri na adhuhuri, na katikati akaua mtu Kisungi. Aliandika yote, akamsomea mzee neno kwa neno. Yakubu alitia sahihi kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto ukiwa juu ya magunia.

“Lakini sikia, mama,” alisema. “Wale samaki ya Mwanza walikuwa wa mwisho wazuri. Tangu mwezi ya ine, Aprili, samaki ya Kisungi inakuya na harufu ya mazutu, kama ilipikwa ndani ya injini. Nilirudisha magunia saba. Banaweka masini kule, ile ya kuvuta udongo chini ya mayi. Banatafuta mawe ya bati.”

“Ndani ya hifadhi?”

“Ndani kabisa. Pale samaki inazalia.”

“Ilianza lini?”

“Abdias hakumaliza hata juma moja mu kaburi.”

Saa nane mchana Inspekta Nday aliingia ofisi ya mabwawa, nyumba ya matofali yenye dirisha moja lililozibwa kwa ubao. Sheria ilisema wazi, naye aliijua kwa moyo: ndani ya nguzo kumi na mbili za Kisungi hairuhusiwi injini, hairuhusiwi kuchimba, hairuhusiwi wavu wa matundu madogo. Kama mashine ilikuwa ndani, kampuni iliyoiweka ilikuwa imevunja sheria, na Abdias alikuwa shahidi wa kwanza.

Fundi wa ramani aliitwa Nyembo, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi. Ukutani nyuma yake kulikuwa na ramani ya zamani, Kisungi yote kijani.

“Ninatafuta nguzo ya saba,” alisema Inspekta. “Iko ndani ama inje?”

“Inje.”

“Hapa ukutani iko ndani.”

“Ile ya ukuta iko ya zamani, Madame.” Nyembo alivuta droo, akatoa karatasi mpya. Pembe ya mashariki ya Kisungi, kutoka nguzo ya saba mpaka ya kumi, ilikuwa nyeupe. “Kuko amri. Mpaka ulibadilishwa. Tarehe tatu Machi.”

Siku kumi na nne kabla Abdias hajafa. Inspekta alikaa. Aliisoma amri kwanza, kurasa mbili za maneno mazito, kisha akaisoma nyongeza yake, ambayo watu hawaisomi: orodha ya alama za mpaka mpya, kila alama na namba zake, tarehe iliyopimwa, na kipimo kilichotumika. Alisoma mstari wa kwanza mara tatu.

“Amri ilitiwa sahihi tarehe tatu,” alisema. “Alama zilipimwa lini?”

“Iko imeandikwa.”

“Soma, nisikie.”

“Ishirini na ine Machi.”

“Mukubwa alitia sahihi mpaka ambao haujapimwa bado?”

“Ni kosa ya kuandika.”

“Sawa. Na kipimo? Hapa banasema namba 4471.” Alifungua dosie yake, akaweka mezani karatasi ya vifaa vya walinzi. Ngoy Abdias: buti jozi moja, koti la mvua, kipimo cha GPS namba 4471. “Hii ilikuwa mu shingo ya muntu aliyekufa tarehe kumi na saba. Namna gani inapima mpaka tarehe ishirini na ine?”

Nyembo alivua miwani. Bila hiyo alionekana mzee ghafla.

“Balinitumia alama tu, ndani ya clé ya kompyuta. Minyi nilinakili vile zilikuwa.”

“Nani alituma?”

“Bantu ya kampuni.”

“Jina.”

Alisimama, akafunga mlango, akarudi, hakukaa.

“Madame, miaka kumi na tisa niko mu hii biro ya mabwawa. Ile ramani ya ukuta njo mukono yangu. Nilitembea na miguu nguzo yote kumi na mbili, mayi mpaka hapa.” Aligusa kifua. “Abdias alinipigia simu siku mbili mbele ya kufa. Alisema, ‘Tata, baling'oa nguzo ya saba, banaipanda mbele, ndani ya hifadhi.’ Nikamuambia aende apime, tupate ushahidi.” Akavaa miwani tena. “Minyi njo nilimutuma.”

“Jina, Tata Nyembo.”

“Mukubwa ya ulinzi ya ile masini. Jina yake sijui, banamuita Komanda. Fotokopi nitakupa. Sahihi yangu, hapana.”

Mashine ya fotokopi ilikuwa kwa mchuuzi ng'ambo ya barabara. Nyembo mwenyewe alikwenda, akarudi na nakala mbili, akampa zote.

Asubuhi iliyofuata Inspekta aliweka kila kitu mbele ya Musau, mwanasheria wa serikali aliyesimamia kesi; Inspekta alikuwa amempigia simu jana yake kumdokezea habari za fotokopi. Musau alikuwa mtu mtulivu, mwenye sauti ya kusomea watoto. Alisoma ushahidi wa Yakubu. Alisoma fotokopi. Hakuruka ukurasa.

“Kazi nzuri, Madame Nday. Ninasema kweli.”

“Basi tumukamate Komanda, na tumuachilie Mwanza.”

“Twende polepole. Abdias alikufa wapi?”

“Nguzo ya saba. Ndani ya hifadhi.”

“Amri inasema inje.”

“Amri iliandikwa baada ya kifo, tarehe ikarudishwa nyuma.”

“Mpaka mahakama iifute, tarehe yake ni tatu Machi. Kwa hiyo Abdias alikuwa ameingia mu eneo ya kampuni bila ruhusa. Na minyi, kuingia kule kufanya upelelezi, ninahitaji kibali cha wizara. Nimeomba mara mbili mwaka huu kwa kesi zingine. Sijajibiwa.”

“Tuombe mahakama iifute.”

“Muda ni miezi mitatu tangu amri ibandikwe ukutani. Ilibandikwa tarehe ine Machi. Imekwisha juzi juzi.”

“Nani aliiona mu ukuta?”

“Kitabu ya matangazo inasema ilibandikwa.”

“Nimeuliza nani aliiona.”

Musau aliisogeza fotokopi kando. Alivuta droo, akatoa karatasi nyingine, akaisukuma kwa kidole. “Jana jioni niliomba ofisi ya mabwawa iniletee karatasi ya kweli, kwa sababu fotokopi haisimami mahakamani.”

Ilikuwa nyongeza ileile, alama zilezile. Lakini tarehe ya kupima ilikuwa ishirini na nne Februari. Mahali pa namba ya kipimo palikuwa patupu. Na chini, pale palipokuwa na jina la Nyembo, palikuwa na jina ambalo Inspekta hakuwahi kulisikia.

“Nyembo iko wapi?”

“Amehamishwa. Sijui wapi.”

Inspekta aligeuza karatasi upande wa pili, akaigeuza tena. Ilikuwa safi, bila alama ya kidole.

“Iko kitu kingine,” alisema Musau, na sauti yake haikubadilika. “Huyu Yakubu Dunia amekiri kununua samaki wakati wa kufunga. Sheria ile haina shaka hata kidogo. Nikipokea hii karatasi yake, lazima nimufuate. Duka, magunia, yote. Na Mwanza atatoka mu kesi ya kuua aingie mu kesi ya kuloba. Kule ni miaka mitatu.”

“Unataka nini?”

“Minyi sitaki kitu. Ninakuonyesha milango iliyo wazi. Kuko ripoti ya kwanza, ile ya kiboko. Weye njo ulipinga. Ukiandika kwamba umeridhika nayo, hakuna muuaji, hakuna mushitakiwa. Karatasi ya Yakubu ninakurudishia, sijaiona. Mwanza anatoka leo.”

“Na usipopata ile karatasi yangu?”

“Dosie itangoja kibali. Weye umemuona Mwanza. Anaweza kungoja?”

Inspekta Nday alitoka nje, akasimama kando ya ukuta wenye kivuli, akampigia Ève, mjane wa Abdias, kwenye nyumba ya mlinzi huko Kisungi. Alimweleza kila kitu, kuanzia magunia mpaka karatasi safi. Hakuficha jina wala tarehe. Upande wa pili kulikuwa na sauti ya mchi ukitwanga, kisha mchi ukanyamaza.

“Kwa hiyo balimuua,” alisema Ève.

“Njo vile. Ninajua, na sina namna ya kuionyesha.”

“Na ukiandika kiboko, batoto yangu batasoma kiboko.”

“Ndiyo.”

“Balituletea barua juma lililopita. Kwa sababu kituo cha nguzo ya saba hakiko tena, na nyumba ya mulinzi haiko tena. Tutoke.” Alivuta pumzi. “Mwanza anakohoa sana?”

“Anatema damu, mama. Tangu jana.”

“Unajua nani alichimba kaburi ya bwana yangu? Udongo ya kule inajaa mayi, bantu balikataa. Mwanza alichimba, anatoa mayi na ndoo, anachimba tena. Kesho yake balimukamata na udongo bado mu makucha.” Mchi ukapiga mara moja, mara mbili. “Andika, mama. Abdias hatarudi. Andika.”

Akarudi ndani. Musau alikuwa ameshaweka karatasi na kalamu upande wake wa meza. Inspekta aliandika mistari minne kwa mkono wake, mwandiko wake wa siku zote, akatia sahihi, tarehe ya leo, ya kweli. Musau alimkabidhi ushahidi wa Yakubu. Hakuna aliyesema asante.

Mwanza aliachiliwa saa kumi. Alitoka na kisu chake, rozari yake na magunia yake matatu, akasimama kwenye jua akiwa amefumba macho. Inspekta alimpa karatasi ya hospitali, akamwonyesha njia, akamwambia aende leo, si kesho. Kisha akamweleza yaliyobaki, kwa sababu alikuwa na haki ya kuyajua.

Mvuvi alisikiliza mpaka mwisho.

“Kwa hiyo pale nguzo ya saba haiko tena reserve ya serikali.”

“Haiko.”

“Basi tunaweza kuloba?”

“Hapana. Iko ya kampuni sasa. Kuko walinzi na bunduki.”

“Na kutoka nguzo ya kwanza mpaka ya sita?”

“Ile ingali reserve. Nyavu ndogo hapana. Wakati wa kufunga hapana. Balileta mulinzi mupya.”

Mwanza alitaka kucheka, kikohozi kikamkatiza. Alishika ukuta mpaka kilipopita.

“Mama, nikuambie kitu. Ile mara ya kwanza Abdias alichoma wavu yangu, nililia kama mutoto. Mwaka ule hatukukula vizuri. Lakini mwaka uliofuata kambale zilirudi, kubwa hivi, hata zile baba yangu alikuwa anasimulia na sisi tunasema anadanganya. Zilirudi kweli.” Alipangusa mdomo, akatazama mkono. “Ile sheria ilikuwa inafanya kazi. Minyi sikumuambia. Nilikuwa na hasira, nikasema nitamuambia siku ingine.”

Inspekta alinyoosha kidole kuelekea lango la hospitali, mwisho wa barabara. Alimkumbusha tena hospitali.

“Wafwako, mama,” alishukuru Mwanza kwa Kiluba chake, akaikunja karatasi vizuri, akaitia mfukoni. Kisha akalipita lango la hospitali bila kuligeukia, akakamata njia ya reli upande wa Bukama, kwa miguu, maana treni ya juma lile haikuwa imejulikana siku yake.